Kovu la Shaikha

Mtu aliyekulia Maskati hafundishwi habari ya mabomba mawili. Ikifika mwezi wa tano jua hulipika tangi lililoko paani, na bomba la buluu, ambalo kwa jina ni la maji baridi, hutoa maji ya kuchemshia yai. Basi watu huizima hita ya bafuni, maji yaliyomo ndani yake yakapoa kivulini, na anayetaka maji ya baridi hufungua bomba jekundu. Mgeni akisimuliwa hucheka. Mwenyeji hana cha kucheka. Mkono wake umeshazoea kwenda kwenye jekundu bila ya kuulizwa, mpaka baridi iingie, mtu mmoja ndani ya nyumba aiwashe hita, na kwa siku mbili tatu kila anayeingia kuoga apige ukelele.

Jaifar alikuwa na mkono huo. Angalikuwa mgeni, angalitia kidole kwenye mabomba yote mawili kila mara, na hadithi hii isingalikuwepo.

Mwaka 2000 alikuwa kijana wa miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, akisomea upigaji wa picha. Kwao Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, aliligeuza bafu la chini kuwa chumba chake cha giza: asubuhi bibi yake akilitumia kuogea, alasiri yeye akilifunika dirisha kwa blanketi na kupanga mabeseni ya dawa. Kila kitu alikijaribu. Alimkalisha baba yake kwenye viti viwili ndani ya picha moja. Alimsimamisha mdogo wake Ghaliya, wa miaka sita, juu ya kiganja chake mwenyewe. Na chuoni walipoletewa kompyuta za kuhariri picha, akajua kuondoa chunusi, kupunguza kidevu, na kumtoa mtu asiyetakiwa kwenye picha ya harusi akaliziba pengo lake kwa pazia. Mashangazi wakawa wanamletea picha zao za pasipoti. Wakamsifu, na kichwa kikamvimba, kama kinavyomvimba kijana yeyote anayesifiwa na mashangazi.

Ndipo Bibi Khole naye alipomwita.

Bibi Khole alikuwa mama wa mama yake. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiona watu kama walio nyuma ya shuka, lakini siku hiyo alinyoosha mkono moja kwa moja mpaka ukutani juu ya kitanda chake akaitungua picha ambayo kila mtu nyumbani alikatazwa kuigusa. Ilikuwa picha ya Shaikha, mwanawe wa kwanza, iliyopigwa studio mjini Unguja mwaka 1958. Mtoto wa miaka saba amesimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya egemeo. Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe, lakini fundi wa zamani hizo aliipaka rangi kwa brashi: gauni kijani, utepe wa nywele mwekundu. Miezi mitatu baadaye homa ikamchukua Shaikha. Muhsina, mama yake Jaifar, alikuwa hajazaliwa. Babu alishakufa zamani. Katika Maskati nzima, na pengine dunia nzima, hapakuwa na mwengine aliyeijua sura ya mtoto yule isipokuwa Bibi Khole na kile kipande cha karatasi alichotoka nacho Unguja kifuani, ndani ya kanga.

"Ukungu umemla uso," Bibi alisema. "Nnampapasa tu, simwoni. Nisafishie uso, baba. Nguo si haja, nguo nnazijua, nilishona mwenyewe."

Kweli uso ulikuwa umekwisha kufunikwa na madoa meupe na ya manjano, mpaka likabaki umbo la kichwa tu. Lakini Bibi alikuwa na hadithi yake, na hadithi hiyo haikuwa na ukungu. Shaikha alikuwa mtoto wa mbio. Siku moja mama yake karudi sokoni, mtoto akatoka mbio kumpokea, akajikwaa kwenye ngazi ya mlangoni akapasuka juu ya nyusi. "Hakulia," Bibi akisema. "Aliniuliza, 'Mama, umeniletea nini?' na damu inamtiririka." Likabaki kovu dogo, likaikata nyusi vipande viwili. Na kila alipofika hapo, Bibi alinyoosha kidole akamgusa nyusi yeyote aliyekaa karibu naye. "Hapa," akisema. Wajukuu wote walikwisha kuguswa hapo, wa kulia kulia, wa kushoto kushoto, kwa jinsi walivyokaa.

Jaifar aliichukua picha kwa mikono miwili. "Nitakurejeshea mpya, Bibi," akasema. Wala hakusema uongo siku hiyo; aliamini.

Ilivyokuwa, maonyesho ya chuo yalikuwa baada ya wiki tatu, na kichwani mwake aliiona tayari: picha mbili ukutani, ya kabla na ya baada, na watu wamesimama mbele yake wakitikisa vichwa. Kwa ajili ya ile ya kabla akaipiga palepale sebuleni, ikiwa bado ndani ya kioo cha fremu, kwa filamu ya rangi na taa ya kamera. Mara moja tu. Filamu akaiacha ndani ya kamera.

Kesho yake akamweleza Zachariah, Mkenya aliyekuwa fundi wa maabara ya picha pale chuoni. Zachariah alikuwa mtu wa miaka hamsini, mtaratibu, aliyesali Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, na wenzake kanisani Ruwi na siku nyingine akaitumikia mashine ya skana kana kwamba nayo ni ibada.

"Ilete hapa vile iko," Zachariah alimwambia. "Na hiyo uchafu yake yote. Tuiskani kwanza, ndio ufanye ile kitu unataka kufanya."

"Nikiiskani na ukungu, nitakaa mwezi mzima nafuta doa mojamoja. Nataka kuiosha kwanza."

"Kuosha? Usiioshe, bana. Picha ya zamani ni kama mgonjwa, haiogeshwi ovyo. Piga picha yake kwanza."

"Nishaipiga," alisema Jaifar, na hilo pia lilikuwa kweli. Moyoni alimcheka. Picha, alijiambia, huzaliwa majini. Hutoka kwenye beseni hili ikaingia hili, ikasuuzwa saa nzima. Itadhurikaje na maji? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wala hakuwa hajui, maana methali hiyo Bibi alimpiga nayo tangu utotoni. Lakini methali ni za watu wengine mpaka guu liwe lako.

Ilikuwa alasiri, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Hewa ilikuwa imeanza kupoa siku mbili zile, na Bibi alikuwa na kikohozi. Muhsina, bila ya kumwambia mtu, akaiwasha hita ya bafu la chini ili mama yake akoge maji ya moto. Taa ndogo ya swichi ilikuwa inawaka nje ya mlango, nyekundu, mahali pake pa siku zote. Jaifar alipita mbele yake na beseni mkononi.

Mkono ukaenda kwenye bomba jekundu. Akatia kidole, maji baridi, maana yalikuwa ni yale yaliyolala ndani ya bomba. Akayaacha yatiririke kidogo kidogo, akailaza picha ndani ya beseni, uso juu, kichwa kimemwelekea yeye. Baada ya muda maji yakaanza kuwa na rangi ya kijani. Uchafu unatoka, alijisemea, akafurahi. Hakujua kwamba ile ilikuwa rangi ya gauni, ile aliyoipaka fundi wa Unguja kwa brashi yake, inaondoka.

Kisha ukungu ukalegea. Ulijiachia wenyewe, vipande vyepesi, ukaelea, na chini yake Shaikha akatokea.

Jaifar aliinama. Macho makubwa, hayakutazama kamera. Yalimtazama mtu aliyekuwa kando yake, na bila ya shaka mtu huyo alikuwa Bibi Khole. Mdomo umefumbwa kwa nguvu. Na kovu lilikuwepo. Mstari mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele, umeikata nyusi vipande viwili kama ilivyosimuliwa. Alihisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi kwa picha yoyote aliyoipiga mwenyewe. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akamsikia Zachariah: piga picha yake kwanza. Akakimbia kwenda kuleta kamera.

Angalifika nayo mara moja, pengine. Lakini filamu ya rangi ilikuwa imekwisha. Ilibidi airejeshe, aitoe, atafute nyingine kwenye mtoto wa meza, aipachike. Ikamkatalia mara ya kwanza. Dakika tano, labda sita. Aliporudi, kioo cha bafuni kilikuwa kimejaa mvuke.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Picha yenyewe ilikuwa imebanduka juu yake na inaelea, laini, imejikunja, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Akafunga bomba akajiunguza. Akatia vidole ili aukunjue ule utando, na kila alipougusa ukakatika, mpaka akawa hana cha kukunjua.

"Jaifar," Bibi aliita kutoka nje, na kikohozi chake. "Ushakwisha humo? Nnataka kutia udhu."

"Bado kidogo, Bibi."

Akalimwaga beseni chooni. Baadaye, katika miaka yote iliyofuata, hilo ndilo lililomrudia zaidi ya mengine. Kuharibu aliharibu kwa bahati mbaya. Lakini kumwaga alimwaga kwa mikono yake, haraka haraka, ili Bibi asikute kitu.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wa Bibi Khole alikuwa na jina kabisa, na alikwenda Ruwi asubuhi ya pili yake kuisafisha ile filamu ya rangi dukani, akiomba dua njia nzima. Gauni lilitoka vizuri. Kiti kilitoka, mkono ulitoka, hata vifungo vya viatu. Mahali pa uso palikuwa na duara jeupe la taa ya kamera, limerudishwa na kioo cha fremu.

Hapo ndipo angalikwenda kusema. Bibi angalilia, Muhsina angaligomba, nyumba ingalinuna wiki mbili, na mwisho wake Bibi angalibaki na hadithi yake nzima. Lakini Jaifar alikuwa fundi, na fundi akiona tundu hutafuta kiraka.

Nyumbani walikuwa wakisema kwamba Ghaliya amechukua damu ya Shaikha. Basi akamkalisha Ghaliya karibu na dirisha, akamfunga nywele kwa utepe, akamwambia atazame kando na asicheke, akinyamaza atamnunulia aiskrimu. Ghaliya akajikaza, mashavu yamemvimba kwa kicheko. Akampiga picha ishirini. Siku nane akakaa mbele ya kompyuta ya chuo, akaupachika uso wa mdogo wake juu ya gauni la kijani, akaupunguza mashavu, akautilia chembechembe za picha za zamani, akauchakaza kwa makusudi.

Na kovu aliliweka. Hilo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe alijisemea mara nyingi baadaye, kama mtu anayejitafutia shahidi. Aliliweka siku ya saba, akalitazama kwa mbali, na likaonekana kama mkwaruzo uliomponyoka. Picha nzima safi, halafu mchirizi juu ya nyusi. Watu wa maonyesho wangedhani hakumaliza kazi. Akalifuta.

Zachariah aliitazama picha ile kwenye skrini kwa muda mrefu.

"Imetoka poa," alisema. "Lakini hii uso umeitoa wapi? Mwangaza wa nguo unatoka kulia. Wa uso unatoka kushoto."

Jaifar akaifunga picha ile kwenye skrini.

"Enda umwambie bibi yako. Mapema. Hii kitu ikikaa, itakuwa ngumu."

"Hataona," alisema Jaifar. "Macho yake mabovu."

Zachariah akavua miwani, akaifuta kwa shati, akarudi kwenye kazi yake. Hakulisema tena jambo hilo, na Jaifar alitamani angalisema.

Bibi Khole aliipokea picha amekaa kitandani. Akaisogeza mpaka ikagusa pua. Uso ulikuwa mweupe, wazi, mkubwa zaidi kidogo kuliko wa zamani, na kupitia ule ukungu wa macho yake alimwona mtoto. "Mashallah," akasema. "Mashallah, ndiye. Ndiye mwanangu." Akalia, akamvuta Jaifar akambusu kichwani, mikononi, kichwani tena, akamwombea dua za umri na riziki na mke mwema. Jaifar alisimama akazipokea zote. Kwenye maonyesho akapewa cheti cha mshindi wa kwanza. Mama yake akakitia fremu.

Mwaka uliofuata, baada ya Idi, Bibi akafanyiwa opereshini ya macho. Jicho moja, kisha la pili. Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mtu mmoja. Siku walipomtoa bandeji ya pili na kumrudisha nyumbani, alizunguka vyumbani akicheka, akashangaa jinsi Muhsina alivyozeeka, akamwambia Ghaliya ana masikio machafu. Halafu akaenda kukaa kitandani kwake akaitungua picha.

Jaifar alisimama mlangoni. Aliitazama picha akamtazama Bibi.

"Kovu liko wapi?" Bibi aliuliza.

"Kovu gani, mama?" alisema Muhsina, aliyekuwa akimkunjia nguo.

"La ngazini. La hapa." Akanyoosha kidole, lakini hapakuwa na mtu karibu wa kumgusa. Akageuka mlangoni. Sauti yake haikuwa na hasira; alikuwa anauliza tu, kama anayeuliza chumvi ilipowekwa. "Umelisafisha na kovu, baba? Pamoja na ukungu?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, wazi. Neno moja tu lilitakiwa, na hata nusu ya ukweli ingalitosha. Angalisema: ndiyo, Bibi, nimelifuta kwa bahati mbaya. Lakini aliona mama yake amemtazama, na cheti ukutani, na akaona kwamba neno hilo moja litavuta jengine, na hilo jengine, mpaka wafike kwenye beseni.

"Hapana, Bibi," akasema. "Uso sikuugusa. Nimetoa ukungu tu."

Bibi akairudia picha. Akaitazama tena kwa yale macho yake mapya yaliyokuwa yakiona kila kitu.

"Basi nimesahau mie," akasema polepole. "Subhanallah. Miaka yote hii nnamzulia mtoto kovu." Akaupitisha upindo wa kanga juu ya kioo, penye nyusi, akafuta. "Nisamehe, mwanangu. Uzee huu. Nisamehe."

Jaifar akatoka nje akakaa ndani ya gari la baba yake, lililofungwa vioo, jua la saa sita, mpaka shati likamroa jasho. Alijua alichokifanya. Picha iliyoharibika ni karatasi. Lakini mtoto yule alikuwa amebaki mahali pawili tu, kwenye karatasi na kichwani mwa mama yake, na sasa yeye amemfuta pote pawili. Wala hapakuwa na mtu wa kumbishia, kwa kuwa mtu pekee aliyeweza kusema kovu lilikuwepo, aliyeliona kwa macho yake ndani ya maji, alikuwa ni yeye.

Tangu siku hiyo Bibi hakuihadithia tena ile hadithi ya ngazi. Wageni walipokuja aliwaonyesha picha akasifu gauni.

Jaifar akamaliza chuo, akapata kazi ya matangazo, akanunua kompyuta yake mwenyewe. Hakupiga picha tena kwa kupenda. Mwaka 2005, Bibi akiwa hatoki tena kitandani, akajiapia kwamba ataliweka kovu mahali pake na atasema kila kitu, tangu bomba jekundu mpaka aiskrimu ya Ghaliya. Akaifungua ile picha kwenye kompyuta, akaukuza uso, akakamata kalamu. Na mkono ukasita. Kulia au kushoto? Alimwona sekunde chache tu, ameinama, kichwa cha picha kimemwelekea yeye, kila kitu juu chini. Alijitahidi kukumbuka kidole cha Bibi, na kidole kilikuwa kwenye nyusi za watu wote.

Akashuka chini. Bibi alikuwa amelazwa juu ya mito, picha iko kifuani.

"Bibi," alisema, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nataka kukuuliza, halafu nina neno la kukwambia. Lile kovu la Shaikha lilikuwa nyusi ya kulia au ya kushoto?"

Bibi alimtazama kwa upole.

"Kovu gani, baba?"

"La ngazini. Alipokuja mbio kukupokea. Akakuuliza umemletea nini."

Bibi akafikiri. Jaifar aliona kabisa kwamba anafikiri, anatafuta, kwa ajili yake tu, ili asimkatishe tamaa. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyo mtoto wa watu wengine," akasema. "Mwanangu mie hakuwa na kovu. Mtazame mwenyewe."

Akamgeuzia picha. Lile neno alilokuja nalo Jaifar lilikuwa tayari mdomoni, miaka mitano limekaa hapo, na sasa akaona kwamba halina pa kwenda. Akilisema, atamchukua na huyu wa kwenye picha, na Bibi hatabaki na mwengine. Kwa hiyo akaitazama picha kama alivyoambiwa. Ghaliya wa miaka sita alikuwa ametazama kando, dirishani, anakizuia kicheko chake kwa sababu aliahidiwa aiskrimu.

"Mzuri, siye?" Bibi aliuliza.

"Mzuri, Bibi," alisema Jaifar.